Nozeli Tatu na Rangi ya Kucha

Jumatatu, 3 Februari 2025

Gari linatetemeka tena. Likisimama huku injini inawaka linatikisika kama mtu mwenye malaria, na ile taa ya njano kwenye dashibodi haijazimika tangu Ijumaa. Asubuhi, kwenye mwinuko wa kutoka hapa Kwihara, nimepitwa na baiskeli ya mkaa. Magunia mawili! Mwenyewe akanipungia mkono.

Nimelipeleka Tabora mjini kwa Mzee Masolwa, fundi wetu wa siku zote, yule Msukuma wa Igunga mwenye gereji nyuma ya reli. Shikamoo, marahaba, habari za zahanati. Akainamisha kichwa akasikiliza injini, basi. Akasema nozeli zimeziba. Gari lina silinda tatu, kwa hiyo nozeli tatu, na kila moja inapulizia petroli kwenye silinda yake. Uchafu ukiingia hazipulizii tena, zinadondosha. Atazifungua, azioshe, azirudishe.

Mbona hakugusa plagi kwanza? Mbona alijua upesi hivyo? Nilimuuliza. Akasema masikio yake ndiyo kipimo.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa mkunga. Sindano ikishatumika mimi naitupa. Yeye anaosha.

Sikumwachia gari. Nitarudi Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, nishuhudie mwenyewe.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekaa gereji saa tatu nzima juu ya tairi bovu. Masolwa hakupenda. Akasema, mama Julieth, nenda sokoni kafanye shughuli zako, ukirudi utakuta kazi imefika mbali. Kwa nini anataka niondoke?

Nimeangalia kila kitu. Amechomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akawasha injini mpaka ikajizimikia yenyewe, ili petroli isimrukie usoni. Akatoa waya wa betri. Kisha kile kibomba cha chuma kinachozishika nozeli zote, akakivuta juu taratibu, nazo zikatoka moja moja. Akazipanga juu ya gazeti. Ndogo kuliko nilivyodhani, kila moja kama kidole changu. Zina pete za mpira, na akasema pete hizo hazirudishwi, lazima ziwe mpya, la sivyo petroli itavujia kwenye injini ya moto. Nimeandika. Nitauliza fundi mwingine kama ni kweli.

Theodora wa kwaya alishanionya. Gari linaingia gereji na vitu vyake, linatoka na vya magari marehemu. Yeye walimchukulia alteneta. Basi nilijiandaa. Kwenye pochi nilikuwa na rangi ya kucha, nyekundu, aliyoiacha binti yangu alipokwenda chuo. Masolwa alipokwenda nyuma ya kontena kupokea simu, nikatia nukta kwenye kila nozeli, pale kwenye chuma karibu na shingo. Moja, mbili, tatu. Nikazipuliza zikauke.

Aliporudi akazitia kwenye kopo. Atazipulizia dawa, halafu kesho azipitishe kwenye mashine ya kuoshea iliyoko kwa mwenzake. Kwa mwenzake! Tutaona.

Jumamosi, 8 Februari

Benjamini ndiye aliyekwenda kuchukua gari. Mume wangu anakusanya asali ya wafugaji nyuki wa Sikonge na kila Jumamosi huwa mjini, na mimi tangu alfajiri nilikuwa na mama mwenye uchungu. (Msichana, kilo tatu na nusu, sauti kama ya dalali.)

Amerudi saa kumi. Gari limetulia, halitikisiki, taa imezimika. Nikamuuliza Masolwa amesemaje.

"Hakuna. Mambo ya mafundi tu."

Akaenda kuoga. Nimefungua boneti nitafute nukta zangu, hazionekani, zimefunikwa na mabomba. Linakwenda vizuri, ndiyo. Lakini hata nozeli za wizi zinaweza kwenda vizuri siku mbili.

Jumapili, 9 Februari

Leo mchungaji amemtaja Yoramu mbele ya kanisa zima. Yoramu ni mdogo wake Benjamini, anauza petroli kwa bodaboda pale njia panda. Tangu mwaka jana kila Jumapili baada ya ibada analeta kidumu cha lita kumi na kukimimina kwenye gari letu. Bure, kwa ajili ya wajawazito ninaowapeleka hospitali gari la wagonjwa linapokuwa limeshatoka. Waumini wakampigia makofi. Yoramu akatazama viatu vyake. Kijana mpole. Mama yao alipofariki alikuwa na miaka minane, sisi ndio tuliomlea. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma saa.

Benjamini hakupiga makofi. Nadhani alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo.

Ijumaa, 14 Februari

Linatetemeka. Siku sita tu.

Nilijua.

Benjamini anasema, achana na Masolwa, mji una mafundi wengi. Kwa mara ya kwanza tunakubaliana bila kubishana.

Jumanne, 18 Februari

Jana sikuandika.

Saa nane mchana aliletwa Sayi, mke wa Mahona wa Ntalikwa. Uzazi wa pili, wa kwanza alipasuliwa. Alikaa nyumbani na uchungu tangu usiku kwa sababu barabara ilikuwa tope. Nilipompima nikajua hapa si pake. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani na mgonjwa mwingine. Nikamlaza kiti cha nyuma, mama mkwe wake Tunu akamshika kichwa, tukaondoka.

Tulipopita kibao cha makumbusho gari likaanza kukwama. Linavuta, linaacha. Linavuta, linaacha. Kwenye mwinuko likazima. Nikapiga stata mpaka betri ikachoka. Mvua. Sayi hakulia, alikuwa anang'ata kanga. Tunu aliniuliza mara moja tu, "Nesi, limekufa?" Nikasema linapumzika. Nilisema hivyo kweli, kama mpumbavu.

Dakika arobaini. Nilikuwa natazama saa yangu kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyobaki. Kisha pikapu iliyobeba magunia ya mpunga ikatuchukua, Sayi juu ya magunia chini ya turubai.

Upasuaji ulichukua muda mfupi. Mtoto wa kiume. Hakulia. Walimhangaikia dakika nyingi, nilihesabu na hizo pia. Yuko kwenye chumba cha watoto wachanga, na hewa ya bomba puani. Daktari hakusema ni kwa sababu ya kuchelewa. Hakusema pia kwamba si hivyo.

Tunu alikuja kukaa karibu nami kwenye korido. Nguo zetu zilikuwa bado mbichi. Akasema polepole, "Gari lako lilikuwa zima. Juzi tu nimeliona linapita. Limefanywa nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia kuna fundi mjini, Masolwa, ameligusa juzi juzi, na toka hapo halijawa gari.

Alirudia jina hilo kwa sauti ndogo. Kama mtu anayelishika asilisahau.

Alhamisi, 20 Februari

Gari limevutwa hadi kwa fundi mwingine, Kasimiri, kijana msafi mwenye kifaa cha kusomea magari. Anakichomeka chini ya usukani, herufi na namba zinatokea. Silinda zote tatu zinakosa kuchoma. Nikamwambia, fungua nozeli, na usioshe kitu kabla sijaona.

Akafungua. Nikazishika mwenyewe, nikazigeuza juani.

Hakuna nukta. Hata moja. Hata doa.

"Hizi si zako, mama," Kasimiri akasema nilipomweleza. "Hizi zimechoka kabisa. Angalia kutu kwenye ncha."

Nilikuwa sahihi. Niliandika hapa tarehe sita: tutaona. Tumeona. Nilidhani nitafurahi kidogo kuwa sahihi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekwenda kwa Masolwa. Walikuwepo wateja watano au sita, mmoja wao mzee wa kanisa letu. Sikumwamkia. Nikamwambia mbele yao, umechukua nozeli zangu, umeniwekea vyuma vya jalalani, na sasa mtoto wa watu anapumua kwa bomba.

Akaweka spana chini. Akasema, "Nilizozitoa ndizo nilizozirudisha."

Nikamwambia niliweka alama.

"Alama gani?"

"Haikuhusu alama gani. Haipo."

Akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akauliza, "Mzee wako anasemaje?"

Nikaona anatafuta mlango wa kutokea, anataka kupita kwa mwanamume mwenzake. Nikasema mume wangu hana la kusema, gari ni langu. Akachukua spana yake, akarudi chini ya gari alilokuwa analitengeneza. Mtu asiye na hatia angepiga kelele. Nimeona watu wengi wakisingiziwa, wote wanapiga kelele.

Mteja mmoja akatoa gari lake palepale.

Alhamisi, 27 Februari

Nozeli mpya zimetoka Dar kwa basi, kwenye kiboksi kidogo. Nimezipima kwa macho kila upande. Kasimiri atafunga keshokutwa.

Sayi bado hospitali na mwanawe. Mtoto amevuta ziwa leo, kidogo, akachoka. Mikono yake imekaza namna ambayo siipendi. Sayi hajaniuliza chochote, na sijui kama ningependa aulize.

Theodora ananiambia kwa Masolwa hakuna watu. Habari zimefika hadi kituo cha mabasi. Anasema kama pongezi.

Jumamosi, 1 Machi

Zimefungwa mbele ya macho yangu. Pete mpya, zikapakwa mafuta kidogo ili zisikatike zinapoingia. Akawasha pampu bila kuwasha injini, akamulika kwa tochi kuona kama kuna mvujo. Hakuna. Injini ikawaka mara moja.

Nimerudi nyumbani nimefungua madirisha yote.

Jumapili, 2 Machi

Yoramu ameleta kidumu chake kama kawaida. Nikamwambia kaka yake anapaswa kujivunia. Benjamini alikuwa mlangoni. Akasema tungeanza kujaza mjini sasa, kwenye kituo, tusimchoshe Yoramu kila wiki. Yoramu akasema, "Hapana, kaka, ni sadaka yangu." Akamimina.

Benjamini akaingia ndani. Nimemsema baadaye: mtu anakupa kwa moyo, unamkatisha tamaa.

Alhamisi, 6 Machi

Sayi ameruhusiwa. Daktari anataka kumwona mtoto kila mwezi. "Tutaangalia anavyokua," ndiyo yote aliyosema.

Na gari linatetemeka.

Nozeli mpya! Siku tano. Nimekaa ndani yake uani, injini inawaka, nimeshika usukani unaotikisika.

Ijumaa, 7 Machi

Kasimiri anasema sasa itakuwa kompyuta ya gari. Wiki mbili zilizopita ilikuwa nozeli tu. Nikaanza kumtazama na yeye.

Nikiwa nasubiri, alikuwa anasafisha kipande cha injini ya gari jingine. Kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Akachukua kopo la dawa, akapulizia, akapitisha kitambaa. Namba ikatoka yote. Kitambaa kikawa cheupe.

Nikamuuliza, "Hiyo dawa inatoa rangi?"

"Mama, hii inatoa hata rangi ya bodi. Usiisogelee na nguo yako."

"Ndiyo mnayosafishia nozeli?"

"Kila fundi. Hii, halafu mashine."

Nilikuwa bado nina ile chupa kwenye pochi. Nikapaka tone kwenye bolti kuukuu, nikangoja likauke kabisa, nikamwomba apulizie. Akacheka, akapulizia. Kitambaa kimoja. Bolti ikawa safi kama haijawahi kupakwa kitu.

Na kutu ile ya kwenye ncha? Nikamuuliza kama nozeli safi inaweza kuota kutu kwa siku kumi na mbili. Akafikiri. Akasema, ikinyweshwa maji, ndiyo.

Nimeendesha hadi nyumbani kwa gia ya pili.

Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu sita. Mimi ndiye niliyempa Tunu lile jina.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Masolwa anafungua hata Jumapili. Nikamkuta peke yake, amekaa kwenye kigoda anachambua misumari. Gereji tupu.

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Akachelewa kuitika. "Marahaba."

Nikamweleza. Rangi ya kucha, dawa, bolti. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Hakucheka na hakusema yameisha. Aliendelea kuchambua, iliyonyooka huku, iliyopinda kule.

"Nesi," akasema mwishowe, "ungeniambia una alama, ningekwambia inatoka. Lakini hilo ni dogo. Mimi mlipochukua gari nilisema tatizo si nozeli. Nozeli zimeziba, sawa, lakini kinachoziziba kinatoka kwenye tangi. Niliteka mafuta kwenye chupa. Yakatulia. Chini maji, kutu, takataka. Nikasema msitie tena mafuta mnakotia, tangi lishushwe lisafishwe, la sivyo hata mlete nozeli za dhahabu, zitakufa."

"Ulimwambia nani?"

Akaniangalia kama mtu anayefikiri nafanya mzaha.

"Mzee wako. Chupa nilimpa mkononi. Akaigeuza, akaitazama, akasema ameelewa, atashughulikia. Ndiyo maana siku ile nilikuuliza yeye anasemaje."

Nilikaa juu ya lile tairi bovu.

Ana ombi moja tu. Nirudi siku yenye watu, niseme yale yale niliyosema, kinyume chake. Nikamwahidi Ijumaa. Akasema sawa. Hakunisindikiza.

Jumatatu, 10 Machi

Tangu jana namtazama Benjamini. Anavyokula. Anavyofunga kamba za viatu. Anavyosema "asante mama Julieth" nikimpa chai. Nimewashuku watu wote wa Tabora, wauza nyanya, mafundi, makondakta. Huyu hajawahi kuingia kwenye orodha.

Sijamuuliza. Nilitaka kuona kwanza.

Jioni nimekwenda kwenye kibanda cha Yoramu na kidumu kitupu. Nikasema gari limeisha mafuta, kuna mama anaweza kuja. Alikuwa na vijana wawili wa bodaboda. Akawapimia kutoka juu ya pipa, kwa mpira. Safi, rangi nzuri. Walipoondoka akachukua kidumu changu, akalikumbatia pipa, akaliinamisha kabisa, akaniwekea kutoka chini. Pipa lina kutu mdomoni. Kifuniko ni gunia, na mvua ya mwezi huu wote!

Nikamuuliza, "Yangu mbona unainamisha?"

"Kwa gari, hii inafaa, shemeji. Pikipiki zinasumbua, ukiwapa ya chini wanarudi wanakutukana. Gari lina chujio kubwa."

Alisema hivyo bila kupepesa. Hajui. Nadhani hajui. Anatoa sadaka kile ambacho wateja wamekataa, lakini nadhani anaamini kabisa kwamba ni sadaka.

Nimemimina kwenye chupa ya maji, nimeiweka stoo, mbali na moto. Nimepita kuiangalia mara nne. Inajitenga. Juu petroli, chini maji, na katikati zinayumbayumba chembe nyekundu za kutu.

Jumanne, 11 Machi

Benjamini aliingia stoo kutafuta ndoo ya asali. Akatoka bila ndoo. Akakaa jikoni mbele yangu.

"Umetoka kwa Masolwa," akasema.

"Na kwa mdogo wako."

Akatazama mlango wa stoo. Kisha, "Nilijua tangu siku ile ya chupa."

Siku ile. Tarehe nane Februari. Sayi alikuja tarehe kumi na saba. Nilihesabu mbele yake, kwa sauti, na yeye akaacha nihesabu.

Nikamuuliza, mdogo wako ulimwambia? Akasema alimwambia safisha pipa. Yoramu akasema ndiyo. Akaamini kwamba amesafisha. Na mimi? Kwa nini hukuniambia mimi? Akasema kesho yake kanisa lilimpigia makofi, angesema nini, kwamba sadaka ya mtoto aliyemlea ni takataka? Alidhani atatuhamisha kidogo kidogo, tuanze kujaza mjini, mambo yaishe bila mtu kuumbuka. Kisha Sayi akaja, na baada ya Sayi ikawa haiwezekani tena kusema.

"Ukanisikiliza nikimtukana Masolwa wiki nzima."

"Nilikwambia achana naye."

Ndiyo. Alisema hivyo. Na mimi nilidhani ananiunga mkono.

Giza lilipoingia niliwasha taa. Kisha akasema neno ambalo bado nalisikia. Kwamba kesho ni kliniki na Sayi ataleta mtoto, na kama Tunu akiuliza, nimwambie ni nozeli. "Nozeli ziliziba. Hilo si uongo." Yoramu ana miaka ishirini na minne. Akina Mahona wakijua, watamfanya nini?

Sijawahi kulala na mgongo wake ukiwa mbali hivi.

Jumatano, 12 Machi

Nikingoja bodaboda naandika kwenye benchi la nje la zahanati, nyuma ya kadi ya kliniki iliyoharibika. Nitakuja kuibandika. Kukaa bure siwezi.

Sayi alikuja mapema. Mtoto kaongezeka gramu mia mbili na themanini. Nilimshika. Ananitazama, kisha hanitazami. Nimeandika uzito, nimeandika tarehe ya kurudi. Sayi akasema, "Anaendelea, eti nesi?" Nikasema anaongezeka.

Tunu alikuwa nyuma yake. "Mwangaluka, nesi." Tukasalimiana. Akakunja kanga, akaniuliza, kama anauliza bei ya chumvi, kama yule Masolwa wako bado yupo pale nyuma ya reli. Nikauliza kwa nini. Akasema Mahona ameondoka alfajiri na kaka zake wawili na fimbo zao. Wamekwenda kumwuliza vizuri.

Nimepiga simu ya Masolwa. Inaita, haipokelewi. Nimepiga tena. Nimepiga ya Mahona, imezimwa. Nimepiga ya Benjamini, akapokea, nikamwambia wamekwenda kwa Masolwa. Akasema, "Mungu wangu." Nikangoja aseme kitu kingine. Hakusema. Nimekata.

Gari siwezi kuliamini. Nimeita bodaboda, na si wa njia panda. Akina mama waliobaki nimewaacha na mwenzangu. Nikamwambia Tunu tuondoke wote, wewe ndiye Mahona atakayekusikiliza, na aliyeharibu gari siye yule fundi.

"Siye?"

"Siye. Nilikosea mimi."

"Basi nani?"

Nikasema nitamweleza njiani. Bodaboda imefika. Nimepanda, kadi juu ya goti, nimemwachia nafasi nyuma yangu. Tunu hajapanda. Amesimama na pochi yake mkononi, anasema hapandi kitu chochote kabla hajasikia hilo jina.

Dereva amezima pikipiki.